Uzi wa Sita

Wiki iliyopita uliniacha chini ya meza ya cherehani, nimejifunika mabaki ya vitambaa, naangalia viatu vya watu wa Kofia vikipita mbele ya pua yangu. Najua ulinicheka. Ningekuwa mimi nimekaa kitini na gazeti mkononi, ningecheka vilevile.

Hawakuniona. Chafya ilinijia, nikaimeza. Mpaka leo kifua kinaniuma.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, habari yenyewe ni hii. Mimi ni mzee wa kutangatanga. Shule nilisoma vipandevipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji ule, na gitaa ndilo lililonilisha. Mdogo wangu naye ni mpigaji. Anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo watu wote wanamwita Mashoto. Tulikuwa tukipiga pamoja katika ukumbi wa dansi wa bwana mmoja asiyevua kofia hata akiwa anakula, na sisi tukamwita Kofia.

Jioni moja Mashoto alikwenda nyuma ya jukwaa kutafuta mkanda wa gitaa lake. Akawakuta watu wa Kofia wakimkunja mhasibu wa ukumbi ili aenee kwenye buti ya gari. Mhasibu hajaonekana tena. Kesho yake Mashoto naye hakuonekana, yeye na gitaa lake.

Gitaa langu mimi walilikanyaga mbele ya macho yangu, huku wakiniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nikawaambia sijui. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu.

Basi, tuendelee.

"Toka huko chini, shemeji," akasema mke wa Mashoto. "Wameshaondoka. Na hicho ulichojifunikia ni gauni la bibi harusi wa watu."

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kama mkasi wake. Lakini siku hiyo alikuwa akijaribu kutunga uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa unakataa.

"Kuna jambo sijakuambia," akasema. "Jana nilipita kwenye lile duka la vyombo vya muziki vilivyotumika. Nililiona gitaa la mume wangu dirishani."

Nikajigonga kichwa kwenye meza.

"Una hakika?"

"Ningekuwa na hakika ningelala? Yako mawili, shemeji. Yanafanana kama mapacha waliovalishwa sare. Katikati njano, halafu nyekundu, halafu nyeusi pembeni."

Rangi hiyo naijua. Wauzaji huiita rangi ya jua. Marehemu baba yetu, ambaye alikuwa na gitaa la namna hiyohiyo, aliiita yai la kukaanga lililoungua kingo.

"Nenda ukachague," akasema shemeji. "Wewe unalijua. Mimi nililijua kwa kulifuta vumbi tu. Likiwa lake, mwenye duka anajua limetoka wapi. Na likijulikana limetoka wapi, mume wangu atajulikana yuko wapi."

"Na kama mwenye duka ni mtu wa Kofia?"

"Ndiyo maana nimesema kachague. Sijasema kauliza."

Nikamwambia magoti yangu yananiuma. Akaniambia magoti hayachagui gitaa. Nikamwambia nimeona viatu vya wale watu kwa karibu mno. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Shemeji, mimi peke yangu siwezi kuingia mle. Nilisimama pale jana mpaka kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaniuliza kama naumwa."

Basi nikavaa viatu.

"Mimi nitakaa kwa huyo kinyozi," akasema tukiwa njiani. "Wewe jaribu gitaa. Ukiona ni salama, piga nyuzi zote sita, nitaingia. Ukiona mambo si mambo, piga tano. Nitajipitia zangu kama sikujui."

Nikasimama katikati ya njia.

"Hiyo alikufundisha Mashoto?"

"Nani mwingine? Dada yenu akija kukaa kwetu na mizigo yake, nikirudi kutoka kazini nasikia tano. Nageuza, naenda kwa jirani."

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hutaelewa kilichonipata.

Mama yetu aliondoka tukiwa wadogo. Baba alipotufundisha kukaza nyuzi za gitaa, alitupa silabi ya kila uzi, kuanzia ule mnene kuishia ule mwembamba. Ma. Ma. A. Me. Ru. Di. Nyuzi sita, mama amerudi. Kwa nini alichagua maneno hayo, hatukuthubutu kumuuliza.

Baba akiwa hajalewa alikuwa mtamu kama sukari. Akilewa, mkono wake haukuwa na macho. Kwa hiyo sisi wawili tukatunga yetu. Aliyekuwa ndani alijifanya anajaribu gitaa, akaacha uzi wa mwisho bila kuugusa. Ma. Ma. Ha. Yu. Po. Nyuzi tano, mama hayupo, usiingie. Aliyekuwa nje akabaki nje mpaka mzee asinzie. Baba hakujua hata siku moja. Alikuwa akinisifu kwamba nina sikio la kusubiri.

Tumezeeka na vitu hivyo. Sijawahi kukaza nyuzi za gitaa lolote, katika mji wowote, bila kuyanong'ona yale maneno. Sijiamrishi. Mdomo unajisemea wenyewe, kama mtu anavyohema.

Likumbuke hilo.

Duka lilikuwa na kengele juu ya mlango. Nilipoingia ikalia, nikaruka.

Ndani kulinuka vanishi na vumbi la ngozi. Nyuma ya meza alikaa bibi mmoja mnene, miwani imemning'inia kifuani, kinanda cha kukumbatia kimelala mapajani mwake. Alikuwa akisugua vibonye vyake kwa mswaki, kimoja kimoja, kama anayemsugua mtoto meno. Wateja humwita Bi Vinanda.

Karibu na mlango, juu ya kigoda, alikaa mwanamume mpana. Mbele yake kulikuwa na ngoma. Alikuwa akikaza ngozi kwa ufunguo, anagonga ukingo kwa kidole, anasikiliza, anakaza tena. Hakuniamkia. Aliendelea kugonga. To. To. To. Moyo wangu ukaanza kumfuata.

"Karibu, kaka," akasema Bi Vinanda. "Unanunua, unauza, au unakimbia jua?"

"Natafuta gitaa kavu. Lisilo la umeme."

"Yamejaa ukutani. Mbona macho yako yako dirishani?"

"Rangi," nikasema. "Napenda ile rangi."

"Wazee na rangi!" Akacheka mpaka kinanda kikatoa mlio. "Mume wangu naye alioa kwa rangi ya gauni. Haya. Bwana, mshushie yote mawili."

Yule mkaza ngoma akainuka. Akayatoa magitaa dirishani, moja mkono huu, moja mkono ule, akayalaza mbele yangu juu ya blanketi. Kisha akarudi kwenye kigoda chake. Niliona kitu kimoja kilichonitia baridi. Alipokuja, kigoda kilikuwa kando ya mlango. Aliporudi, alikiweka mbele ya mlango.

Na dirisha, magitaa yalipotoka, lilibaki wazi. Barabara yote ilionekana. Kinyozi alionekana. Shemeji yangu alionekana, ameketi kwenye benchi, mfuko wa vitambaa kifuani.

Nikainamisha kichwa juu ya magitaa.

Kweli yalikuwa mapacha. Kiwanda kimoja, umbo moja, njano ileile ikikimbilia kwenye wekundu na wekundu ukifia kwenye weusi. Yote mawili yalikuwa yamesuguliwa kwa mafuta mpaka unaona meno yako. Mtu aliyekuwa na haraka angesema chukua lolote.

Nikalishika la kwanza. Chini ya tundu kulikuwa na mikwaruzo, pale mkono wa kulia unapopita ukishuka. Juu, pale kiwiko kinapolala, rangi ilikuwa imelika. Gitaa la mtu kama mimi na wewe.

Nikalishika la pili.

Chini ya tundu palibandikwa plastiki nyeusi, mpya kabisa. Pembeni mwa plastiki rangi ilikuwa changa, haijaguswa na mtu. Nikaligeuza kidogo kwenye mwanga. Mikwaruzo ilikuwa upande wa juu, upande usiokwaruzwa na mtu yeyote, imejazwa nta. Na alama ya kiwiko ilikuwa chini, mahali ambapo kiwiko cha mtu hakifiki.

Isipokuwa mtu anayeligeuza gitaa juu chini akalipigia kushoto.

Nikapitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu. Binti wa Mashoto alipokuwa anaota meno alilitafuna lile gitaa kama hindi la kuchoma. Vishimo vilikuwepo. Vimepakwa dawa ya viatu, lakini vilikuwepo, vidogo, vimepangana, vya juu na vya chini.

"Hilo limekugusa," akasema Bi Vinanda.

"Hapana. Zito."

"Zito? Mbona umelipapasa kama shavu la mtoto?"

To. To. Ngoma ikanyamaza.

"Natafuta nyufa," nikasema. "Vitu vilivyotumika, bibi, havikosi nyufa."

"Kweli. Hata watu." Akachovya mswaki kwenye maji. "Umeziona?"

"Sijaziona."

"Basi unachukua lipi?"

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Nikichukua la Mashoto, nimejitangaza. Nikiliacha, alama pekee ya mdogo wangu inabaki mikononi mwa watu nisiowajua. Baadaye niliwaambia watu kwamba nilitumia akili. Leo nasema kweli: sikutumia akili yoyote. Niliogopa. Nilitaka kutoka mle ndani, nihisi upepo, basi.

"Hili," nikasema, nikaligusa lile lisilokuwa lake.

Bi Vinanda akaendelea kusugua.

"Chaguo zuri. Bei tutaelewana. Ila litie sauti kwanza, kaka. Gitaa bubu siuzi, watu watasema nawaibia."

"Nitalitia sauti nyumbani."

"Nyumbani kwako ni wapi?"

Nyumbani kwangu kwa wakati ule palikuwa chini ya meza.

"Basi litie sauti hapa," akasema kwa upole.

Nikakaa. Nikalipakata. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho, vigingi vinakataa kushikika. Nikaanza na uzi mnene. Ulikuwa umelegea, nikaukaza, nikausikiliza. Wa pili. Nikausikiliza. Unajua kazi inavyokutuliza. Mikono ikiingia kazini, woga unakaa pembeni kidogo, unakusubiri. Wa tatu. Wa nne ulisumbua, nikaurudisha, nikaukaza tena. Wa tano. Wa sita.

Nikazipiga zote kuanzia juu, polepole zisifike ng'ambo, kuona kama zinapatana.

Zilipatana. Nikainua uso nikiwa karibu kutabasamu.

Mswaki ulikuwa umesimama hewani. Mkaza ngoma alikuwa ameuweka ufunguo wake chini.

"Umesema nini, kaka?" akauliza Bi Vinanda.

"Sijasema kitu."

"Umesema."

"Nimekohoa."

"Umekohoa kwa silabi?" Akavaa miwani yake. "Rudia. Ma. Ma. Halafu?"

Nilichagua gitaa kwa uangalifu wote ule, nikakwepa meno ya mtoto, nikakwepa mikwaruzo, kisha nikajisaliti kwa mdomo wangu mwenyewe juu ya gitaa lisilo na hatia.

"Ni wimbo wa zamani," nikasema.

"Mama amerudi," akasema yeye, na akayagawa vilevile tunavyoyagawa sisi, silabi ya kila uzi. "Wimbo wa watu wawili tu duniani. Mmoja anapigia kushoto. Wewe ndiye mkubwa wake?"

Nikatazama mlango. Mkaza ngoma alikuwa amesimama, na mlango wote ulikuwa umepotea nyuma yake.

"Kaa, kaka. Utaanguka." Bi Vinanda akaweka kinanda mezani. "Mdogo wako yuko hapa."

"Wapi?"

"Chumba cha nyuma. Nimemficha. Alikuja hapa anatetemeka hivyohivyo unavyotetemeka wewe, mna tetemeko la ukoo. Gitaa alisema tulitundike dirishani, ndugu yake ataliona. La kufanana nalo nimelitafuta mimi. Mtu wa Kofia angeingia akauliza, hili gitaa kaleta nani? Wewe hukuuliza. Na mdogo wako akasema, ukimshuku, mpe gitaa lolote alitie sauti, umtazame mdomo."

Msomaji, nilitaka kulia. Nilihisi kichwa changu kimekuwa chepesi. Mdogo wangu mzima! Amefichwa na bibi mwenye mswaki! Nikamshika Bi Vinanda mkono, nikamwita dada yangu, nikamwita mama yangu, ningemwita hata shangazi kama angeniacha.

"Taratibu, utanivunja miwani," akasema. "Sasa mwite na yule mke wake aingie, tuwaondoe wote pamoja kwa mlango wa nyuma."

Nikamwachia mkono.

"Mke gani?"

"Huyo hapo kwa kinyozi. Anayekumbatia mfuko."

"Simjui."

"Kaka." Akatikisa kichwa kama anayemwonea mtu huruma. "Jana alisimama dirishani kwangu mpaka nikataka kumpelekea kiti. Leo ameketi kwa kinyozi, na hana ndevu."

Maneno yake yote yalikuwa na maana. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kila nilipotafuta ufa, alikuwa ameshaujaza nta.

Maana yako mambo mawili. Mashoto anaweza kumwambia mtu yale maneno kwa sababu anamwamini. Na anaweza kuyasema kwa sababu amekanyagwa vidole mpaka akayasema. Maneno yenyewe hayabadiliki. Ukiyasikia kwa mtu mwingine, huwezi kujua yametokaje.

"Nataka kusikia sauti yake kwanza," nikasema.

"Akipaza sauti, majirani watasikia. Kofia ana masikio mengi."

"Basi asipaze sauti. Apige gitaa. Humo ndani hamkosi gitaa."

Bi Vinanda akamtazama mkaza ngoma. Mkaza ngoma akainua mabega.

"Haya," akasema bibi. "Haki yako."

Akajivuta mpaka kwenye mlango mdogo wa nyuma, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Mwenzio amekuja! Anataka kukusikia. Piga yenu, ile ya kukaza nyuzi."

Nikasikia kitu kikiburuzwa sakafuni. Nikasikia mbao ikigonga mbao. Kisha ule uzi mnene, taratibu.

Ma.

Nilimjua. Mashoto huvuta uzi kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa gitaa lolote hulipindua juu chini, na mlio wake una ncha kali kidogo mwishoni. Duniani hakuna mwingine. Machozi yakanitoka.

Ma.

Wa tatu. Wa nne. Wa tano.

Nikasubiri.

Nikasubiri, masikio yamesimama kama ya sungura, pumzi nimeishika. Nilimwambia moyoni, piga, ndugu yangu. Piga uzi mmoja tu, ule mwembamba, twende zetu.

Haukuja.

Mama hayupo.

"Umeridhika?" akauliza Bi Vinanda, anatabasamu. Hakujua. Aliambiwa habari ya maneno ya baba, hakuambiwa habari ya yale yetu wenyewe. Mdogo wangu, popote alipokuwa na katika hali yoyote, alikuwa amebaki na kitu kimoja ambacho hakuwapa.

"Nimeridhika," nikasema. Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. "Ndiye."

"Basi mwite shemeji yako."

"Mguu wangu umekufa ganzi. Nipe muda kidogo."

"Kaa tu, pumzika." Akamwashiria yule mtu. "Bwana atamwita."

Mkaza ngoma akafungua mlango, kengele ikalia. Akasimama kwenye baraza, akapunga mkono mpana kuelekea ng'ambo, kirafiki kabisa, kama anayemwita mteja aliyesahau chenji yake. "Mama! Njoo! Shemeji yako anakuita!"

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto.

Shemeji akainuka kwenye benchi.

Akavuka barabara. Kila hatua niliitazama kupitia dirisha lile tupu. Akafika barazani, akasimama. Mkono wa yule mtu ulikuwa karibu na bega lake kuliko kelele yoyote ambayo ningeweza kupiga. Ningesema kimbia, angemdaka kabla neno halijaisha. Lakini kama angegeuka mwenyewe, kama mtu aliyekosea duka, barabarani kuna watu, kwa kinyozi kuna watu, asingethubutu.

Shemeji hakunitazama usoni. Alinitazama mkono.

"Samahani," akasema, kwa sauti ya mteja. "Kuna mtu kaniita?"

"Ingia, mwanangu," akasema Bi Vinanda. "Kaka anajaribu gitaa, anataka sikio lako."

Nikapiga.

Ma. Ma. Ha. Yu. Po.

Nikazikandamiza nyuzi zote kwa kiganja, zisilie tena, wala kwa bahati mbaya. Kiganja kilibaki juu ya ule wa sita, hakikuuachia.

Nikaona ameelewa. Kope zilishuka kidogo. Akaukaza mfuko kifuani. Kisigino kikaanza kugeuka, na mdomo ukafunguka kusema uongo aliokuwa ameuandaa. "Nadhani nimekosea du..."

Nyuma ya mlango mdogo, uzi mmoja ukalia.

Mwembamba. Mkali. Umevutwa kutoka chini kwenda juu, na ncha mwishoni.

Di.

Sijui. Mpaka ninapoandika hapa sijui kama ulikuwa mkono wake, au mkono wa mtu aliyeushika mkono wake. Sijui kama alikuwa bado anahangaika na uzi uliolegea, ndiyo kwanza amepata kuumaliza. Najua tu kwamba tano zangu na moja yake ni sita.

Uso wa shemeji ukafunguka kama dirisha.

"Ni yeye!" akasema. "Shemeji, ni yeye, mkono wake huo!"

"Shemeji, ngo..."

Alikuwa ameshapita chini ya kwapa la mkaza ngoma. Mfuko ulimwanguka, vitambaa vikamwagika mlangoni. Yule mtu akavisukuma ndani kwa mguu, kimoja kimoja, mpaka mlango ukapata nafasi ya kufunga. Nikasikia komeo.

Kiganja changu kilikuwa bado juu ya nyuzi.

Bi Vinanda akaukung'uta mswaki wake, akauweka mezani, akashika kitasa cha mlango mdogo.

"Haya," akasema. "Sasa mmetimia."